Nyevu Wawili, Kiti Kimoja cha Fizikia

Shule ya Kutwa ya Mrima-Mwiru,
Jumatano, 21 Januari 2026

Kwako somo yangu, Nyevu wa Kalume,

Salamu zako nimezipata kwa Shangazi Pola, nami nakujibu kwa njia yake. Barua hii iko chini kabisa ya gunia la nazi anazoleta jikoni kwenu kila Jumatano. Najua shule yenu ya bweni haitaki simu, na matroni wenu anafungua kila bahasha. Gunia la nazi hatalifungua, ataogopea kucha zake.

Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Nimekasirika tangu siku ya kwanza ya shule na sijapoa.

Shule hii haina Fizikia. Sisemi haina mwalimu mzuri wa Fizikia, nasema Fizikia yenyewe haipo. Gredi ya Kumi nzima tumepangiwa Biolojia, Kilimo na Sayansi ya Nyumbani, utake usitake. Maabara ipo, imeandikwa jina mlangoni kwa rangi ya buluu. Nimechungulia dirishani nikaona magunia ya mahindi, madawati yaliyovunjika miguu, na kuku anaatamia juu ya meza ya majaribio. Kuku, Nyevu! Ndiye peke yake anayeitumia hiyo maabara.

Nikamwendea mwalimu mkuu. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri, swali langu akaliitikia vibaya. "Binti, Fizikia si ya kila mtu. Shukuru umepata shule." Nikamwambia nilichagua mkondo wa sayansi: Fizikia, Kemia na Biolojia, na shule ya kwanza niliandika Mnazi Mrefu. Akasema kompyuta haikosei. Ebo! Nani alimwambia?

Wewe unajua kwa nini naitaka. Pampu ya kisima chetu imekufa mara tatu, na kila ikifa tunamngoja mtu wa kutoka Nairobi wiki tatu, nne, huku tunateka maji ya silanga, lile bwawa la matope, pamoja na ng'ombe. Siku akija anafungua skrubu sita, anagusa waya mbili, anaondoka. Mara zote tatu nimesimama nyuma yake. Nataka mtu huyo niwe mimi.

Jana mwalimu aliita "Nyevu Kahindi" nikageuka kukutafuta. Miaka tisa tumeitika pamoja, mpaka walimu wakachoka wakatuita kwa baba zetu. Hapa niko peke yangu, na jina linanipwaya.

Jambo moja nashangaa. Wewe uliandika Sayansi ya Nyumbani, ukasema utapika kwenye hoteli za Watamu mpaka Wazungu walambe sahani. Mnazi Mrefu umefikaje? Sikuonei kijicho, nimefurahi nawe. Lakini niambie.

Ni mimi,
Nyevu wa Jefwa


Shule ya Wasichana ya Mnazi Mrefu, Kilifi,
28 Januari 2026

Somo yangu mpenzi,

Barua yako imefika inanuka nazi, nimeisoma chooni. Kuku wenu amenichekesha mpaka nikazibwa mdomo na Linet, msichana wa kitanda cha jirani. Pole sana lakini.

Kufika kwangu huku hata mimi sijui. Ni mambo ya kompyuta, wenyewe ndio wanaojua. Hapa ni kuzuri. Uji una maziwa. Maabara ziko tatu, na kila meza ina mfereji wake wa maji na wa gesi. Hapa kila mtu anasoma kila kitu, ndiyo maana hata mimi nina Fizikia kidogo.

Basi hapo nina shida. Mwalimu wetu, Bi. Kavata, ni Mkamba mmoja mwembamba ambaye hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha. Ametupa maswali kumi. La kwanza anauliza kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini kuliko juu. Mimi nitajuaje? Wewe haya unayapenda. Nifanyie, ufanye kama unajiburudisha. Shangazi Pola aje nayo Jumatano.

Hawe, bibi yetu mwenye jina, msalimie. Mwambie somo yake mwingine anamkumbuka.

Wako,
Nyevu wa Kalume


Mrima-Mwiru,
4 Februari 2026

Somo,

Majibu kumi haya hapa, karatasi nne. Nimeyala hayo maswali yako kama mtu aliyefunga siku tatu.

La bwawa sikulijibu kwa kubahatisha. Nilichukua dumu la lita ishirini nikalitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto, la juu, la kati na la chini, nikalijaza maji. La juu lilidondosha tu. La chini lilirusha maji mpaka kwenye sufuria ya hawe. Maji yakizidi kina yanazidi kusukuma, ndiyo maana ukuta hunenepa chini. Hawe alinifukuza na mwiko. "Nyevu we! Dumu langu limekukosea nini?" Nikamwambia asinitukane, anajitukana mwenyewe, jina si lake? Akacheka, lakini dumu bado analidai.

Sasa sikiliza. Kila atakachoandika Bi. Kavata ubaoni, nakili unitumie. Hapa kwetu leo tumefundishwa kupanga vijiko mezani kwa maneno, kwa kuwa vijiko vyenyewe hakuna. Nilitaka kulia kwa hasira. Nimeandika barua mbili kulalamika na hakuna aliyejibu. Mwalimu Simeon, yule aliyetujazia fomu za uchaguzi mwaka jana, anasema malalamiko ya shule na masomo yatapokewa mpaka Ijumaa tarehe 27 Machi. Ikipita hiyo, miaka mitatu yangu ni ya vijiko.

Niombee,
Nyevu wa Jefwa


Mnazi Mrefu,
11 Februari 2026

Mpenzi somo,

Ishirini na nane kwa thelathini! Bi. Kavata ameyasoma majibu mbele ya darasa, na lile la dumu amelirudia mara mbili. Ati miaka kumi na moja anafundisha, hajapata mwanafunzi wa kumtobolea dumu. Nimeona haya, nimeona raha, sijui nimeona nini.

Nimekunakilia kurasa sita. Na maswali mengine haya, ni ya umeme. Fanya upesi. Mwalimu mkuu wetu amesema nikiendelea hivi nitaingizwa kwenye kundi la mashindano ya sayansi.

Nyevu


Mrima-Mwiru,
25 Februari 2026

Nyevu wa Kalume,

Salamu sina.

Ijumaa nimekwenda kwa Mwalimu Simeon, nimekaa mlangoni kwake mpaka akaona haya akatoa faili ya mwaka jana. Tumeipitia pamoja. Nyevu Kahindi wawili, mmoja juu ya mwenziwe. Baba zetu ndugu, wote wanatumia jina la babu, na kila mmoja bintiye wa kwanza kampa jina la mama yao kama desturi. Mzee wa watu akakaa kwenye kompyuta, akaandika chaguo langu kwenye nambari yako, na lako kwenye nambari yangu. Nimemkasirikia, lakini angalau yeye hakujua.

Wewe ulijua!

Barua ya kukuita shule imeandikwa masomo. Mwalimu Simeon amenionyesha nakala. Fizikia, Kemia, Biolojia. Hukuandika wewe hayo, hukuyawaza hata siku moja, na uliposoma ulijua ni ya nani. Tukiwa ua mmoja kwa hawe, Nyevu! Ulinitazama nikilia kwenye kinu mwezi wa Januari ukaniambia, "Usijali, Mungu yupo." Ukaondoka na sanduku lako ukaenda kukaa kwenye kiti changu.

Kisha ukanituma nikufanyie kazi, ya bwawa na ya umeme, nami zote mbili nikakutumia. "Ufanye kama unajiburudisha." Hivi ulikuwa unacheka ukiandika? Mwalimu Simeon amempigia simu mwalimu mkuu wenu. Unajua amejibiwa nini? Kwamba haiwezekani kuwa kuna kosa, kwa sababu Nyevu Kahindi wa Mnazi Mrefu ni hodari wa Fizikia, ametoboa dumu. Na kwamba mwanafunzi mwenyewe hajalalamika.

Dumu ni langu. Ishirini na nane ni zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nami nilikuwa nakivaa kila Jumatano.

Nyevu wa Jefwa


Mnazi Mrefu,
11 Machi 2026

Nyevu wa Jefwa,

Jumatano iliyopita nilimrudisha Shangazi Pola mikono mitupu kwa kuwa kila nilichoandika nilikichana. Leo sichani.

Ndiyo, nilijua. Siku barua ilipofika nilimwonyesha baba, nikamwambia, "Hii si yangu, hii ni ya wa Jefwa." Alikuwa ameshachinja mbuzi. Alikuwa ameshawaambia kanisa zima kwamba nyumba ya Kalume itatoa daktari. Akaniambia, "Ukifungua mdomo umenivua nguo mbele za watu." Ungefanya nini wewe? Usinijibu, najua utakavyojibu, wewe huogopi mtu.

Lakini nami nina hasira zangu, na leo utazisoma. Miaka tisa darasani wewe umekuwa Nyevu, mimi nimekuwa yule mwingine. Likiitwa jina kwa sifa, ni lako. Likiitwa kwa kosa, "Hapana, si huyo, wa Kalume." Hawe alikupa wewe redio uifungue, mimi akanipa ufagio. Safari hii jina limeitwa kwa jambo zuri nikaitika mimi. Mara moja tu. Wakanipigia makofi, na mimi ni mtu, nikapenda.

Na usidhani nastarehe. Nakaa mbele ya darasa kama gunia. Bi. Kavata akinigeukia najifanya natafuta kalamu. Kila jibu ulilonitumia limenipigilia msumari hapa, na ukinikasirikia, ikasirikie na akili yako.

Ijumaa tarehe 20 tuna mtihani wa vitendo, kila mtu peke yake, betri, waya, balbu mbili na kidude cha kupimia umeme. Nakuomba, kwa mara ya mwisho. Nieleze hatua kwa hatua. Nitafukuzwa kwa aibu.

Nyevu


Mrima-Mwiru,
18 Machi 2026

Wa Kalume,

Sitakueleza. Hata waya mmoja.

Nikuambie ya nyumbani. Jumapili baba yangu na baba yako wamekaa kwa hawe. Nilijua wanakwenda kukipigania kiti changu, nikajificha nyuma ya ua nisikie. Walipigana maneno nusu saa, kisha ukaletwa mnazi, wakanywa kwa kata moja, yakaisha. Baba akanifuata nyuma ya ua. "Mama," akasema. Si unajua wananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yao. "Mama, tuyaache. Kalume ni ndugu yangu. Kiti hakikutoka nje, kimebaki nyumbani."

Kimebaki nyumbani! Nyumba itafungua pampu? Nyumba itakaa mtihani? Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Wanaume wawili wamepatana juu ya kichwa changu, na hawe amekaa papo hapo na mguu wake mbovu, hakuna aliyemwuliza neno. Wanatuita mama, kisha wanatuambia tunyamaze.

Kwa hiyo sina baba wa kunisemea, sina mwalimu, sina kompyuta. Nina wewe, na wewe nimekuchoka. Zimebaki siku tisa. Mwalimu mkuu wenu anangoja mwanafunzi mwenyewe alalamike, na mwanafunzi mwenyewe ni wewe. Umesema nyumbani ulinyamaza kwa sababu ya baba. Je, huko shuleni Kalume ameketi dawati gani?

Nimesoma ulivyoniandikia kuhusu ufagio. Nimesoma mara tatu. Sikulijua hilo, na ni kweli. Lakini mimi sikukupa ufagio, na kiti sikuchukua chako.

Nyevu wa Jefwa


Mnazi Mrefu,
25 Machi 2026

Wa Jefwa,

Keti kwanza.

Ijumaa Bi. Kavata aliniweka meza ya mbele. "Nyevu Kahindi atatuongoza." Wenzangu wote walishika waya wakaanza. Mimi nilikaa na mikono mapajani. Robo saa ikapita. Akaja akasimama, hakupandisha sauti, unajua nilivyokwambia.

"Unganisha balbu ya kwanza."

Nikamwambia siwezi.

"Aliyeandika majibu ya umeme ni nani?"

"Ni Nyevu Kahindi."

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Lakini tuko wawili, na huyo mwingine yuko Mrima-Mwiru anasoma na kuku."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono mpaka ofisini, na huko nikasema yote, fomu, mbuzi, gunia la nazi, yote. Mwalimu mkuu aliniuliza kama najua maana ya udanganyifu. Nikamwambia naijua sana, nimelala nayo miezi miwili na nusu.

Jumatatu wakamwita baba. Alifika na shati lake la kanisa. Alipoambiwa, alinigeukia na mdomo umeshafunguka wa kunitukana, ukabaki wazi hivyo hivyo. Angenitukanaje? Jina la mama yake. Nikaona hapo hapo mlango. Nikamwambia, "Wewe huniita mama. Basi leo mama yako anakwambia: mtoto wa ndugu yako umrudishie kiti chake." Alivua kofia akaitupa chini, akatoka akaiacha. Ninayo mimi. Hajanisemesha, na nikirudi nyumbani sijui nitalala kwa nani. Labda kwa hawe.

Barua imeandikwa jana, imetiwa muhuri. Muhula wa pili unaingia wewe. Nilimwuliza mwalimu mkuu kama siwezi kubaki nikasoma Sayansi ya Nyumbani, maana wana chumba cha mapishi chenye majiko sita, nilikuwa nakipita kila siku nikinusa. Akasema nafasi ni moja. Sikumlilia.

Rejista hawatabadilisha kitu ila nambari, jina si ni lilelile. Sanduku, godoro na sare naziacha, zote zimeshonwa N. KAHINDI. Zitakutosha, ila sketi uikunje, wewe mfupi.

Usinishukuru. Nimekukasirikia bado kwa kunikatalia ule mtihani. Ungenisaidia ningenyamaza.

Nyevu wa Kalume


Shule ya Wasichana ya Mnazi Mrefu, Kilifi,
Jumatano, 29 Aprili 2026

Kwako somo yangu, Nyevu wa Kalume, Mrima-Mwiru,

Barua hii inarudi na Shangazi Pola ndani ya gunia tupu. Linet anakusalimu. Siku ya kwanza aliniita kwa jina, nikaitika, akanitazama akalia. Sketi nimeikunja.

Leo Bi. Kavata ameniita mbele. Betri, waya, balbu mbili. Nimeunganisha ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka. Akasema, "Dumu ni wewe." Nikasema ndiyo. Nikageuka nyuma kukutafuta, nikakumbuka uliko, na furaha yote ikanigeukia hasira. Nimekipita kile chumba cha mapishi. Majiko sita, wanafunzi wanne. Wanne! Nafasi moja, waliniambia na mimi. Nimeanza kunakili daftari la Linet la Sayansi ya Nyumbani, kurasa nane hizi hapa. Ukiona neno hulielewi, ni mwandiko wangu, uliza.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonikalisha kitako. Jana nimebadilisha gazeti ulilotandika ndani ya sanduku la bati. Chini yake nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wako, tarehe 14 Januari, siku yako ya pili hapa. Umeandika hivi: "Somo, wamekosea. Wameniita mimi na kiti ni chako. Njoo upesi kabla sijakizoea."

Nilikuwa nimeanza kupoa, Nyevu. Nimeisoma nikawaka upya. Gunia la nazi lilikuwa likija kila Jumatano, nawe ukaiweka chini ya gazeti. Nimeipiga ngumi hiyo karatasi, kisha nimeinyoosha kwa mkono, na sitaichana.

Barua yako ya tarehe 14 Januari nimeipata. Jibu ni hili: nimekuja. Bado nimekukasirikia. Jumatano ijayo niandikie.

Nyevu